Maji na Watoto Wetu Katika Nchi ya Chai

Katika taarifa hii ya mwaka imetupasa kuwakumbusha wanachama na wazee wetu waheshimiwa habari ya watoto wanaokufa maji. Twapenda kueleza kwanza jinsi hatari hii ilivyokua, kwa maana asiyejua chanzo cha ugonjwa hawezi kuchagua dawa.

Zamani nchi ya Wakipsigis ilikuwa nchi ya malisho. Maji ya kuogopwa yalikuwa mitoni, kama Itare, Kipsonoi na Nyangores, na kila mtu aliyajua. Tena mtoto mdogo hakuachwa peke yake: mama alipokwenda kulima alimkabidhi kwa msichana mlezi, aitwaye cheplakwet.

Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na African Highlands zilianza kupanda chai Kericho. Baadaye mabwawa yakajengwa kwa ajili ya viwanda na umeme. Upande wa Chepalungu, penye mvua chache, yakachimbwa mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Mwaka wa 2009 Serikali ilianzisha mpango wa mabwawa ya samaki katika sehemu nyingi za Kenya. Hivyo maji yaliyokuwa bondeni yamesogea hata karibu na mlango wa nyumba.

Wakati maji yalipokuwa yakikaribia, walezi walipungua. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa mwaka wa 2003, watoto wengi zaidi waliingia darasani, nasi twalishukuru jambo hilo. Lakini chai huchumwa tangu asubuhi, mama yu shambani, na mahali pa cheplakwet pamebaki wazi. Hatuwalaumu akina mama, maana bila kuchuma hakuna chakula. Kazi iliyokuwa ya msichana mmoja sasa ni yetu sote.

Hasara hii si yetu peke yetu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Huko Bangladesh, vijiji vilipoweka nyumba za kulelea watoto saa za asubuhi, vifo hivyo vilipungua sana.

Kwa hiyo twawaomba wanachama mambo matatu. Kwanza, kila mwenye bwawa alizungushie ua wenye mlango unaofungwa. Pili, mapipa, ndoo na visima vifunikwe daima. Tatu, kila kijiji kichague nyumba moja na mlezi mmoja wa kuaminika, naye alipwe kwa mchango wa wote, awatunze watoto wakati wa kuchuma chai.

Wazee nao twawasihi walitie jambo hili katika mabaraza yao. Tahadhari ni kabla ya hatari, na ua wa miti hauna gharama kubwa kuliko kaburi la mtoto.