Nani anasemea mtumiaji wa kawaida wa intaneti?

Uchaguzi wa raisi ulifanyika tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa Kongo nzima, na haikurudi hadi tarehe 19 Januari 2019. Haikuwa mara ya kwanza. Januari 2015, Desemba 2016, Desemba 2017 na Januari 2018, kila mara siasa ilipochemka, rezo ilifungwa yote au nusu. Swali ambalo watu wa Boyoma wanauliza siku kama hizo ni la haki: nani iko na amri juu ya intaneti, na mwenye simu yake ndogo kule Lubunga au Mangobo anasikiwa wapi?

Jibu si moja, sababu intaneti haina mkubwa mmoja. Kuna meza nyingi, na kila meza inashughulika na mambo yake. Mtu akipeleka malalamiko kwenye meza isiyohusika, atachoka bure.

Meza inayotajwa sana ni ya ICANN, shirika lililoanzishwa mwaka 1998 huko California, Marekani. ICANN haipangi bei ya mega, haikati rezo, haifuti picha za mtu Facebook. Kazi yake ni majina na namba: kuhakikisha kwamba jina moja la tovuti linafikisha watu mahali pamoja, wawe Kisangani au Tokyo. Herufi za mwisho za jina la tovuti, kama .com, .org au .cd ya Kongo, ziko kwenye orodha moja ya dunia, na ICANN ndiyo inayoitunza. Mbele Kongo ilikuwa na .zr ya Zaire. Nchi ilipobadili jina mwaka 1997, .cd ikazaliwa.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya mainjenia. Lakini mwisho wa mwaka 2020 .cd yenyewe iliponea chupuchupu. Ili simu ipate tovuti ya .cd, inauliza njia kwa seva fulani, kama vile mgeni anavyouliza njia kwa mtu wa motari. Baadhi ya seva hizo zilitumia jina lililosajiliwa kwa .com, na muda wa jina hilo ukaisha bila kulipiwa upya. Mtafiti wa usalama, Fredrik Almroth wa kampuni ya Detectify ya Sweden, aliona jina liko wazi, akalinunua yeye mwenyewe ili mwizi asilichukue. Habari ilitangazwa Januari 2021. Mwenye jina lile angeweza kupotosha karibu nusu ya watu waliotafuta tovuti za .cd: kuwapeleka kwenye tovuti ya uongo, kuiba maneno yao ya siri, kusoma barua zao. Wasimamizi wa .cd walihamia jina lingine. Watumiaji wengi wa .cd hawakujua kitu.

Je, watumiaji wa namna hiyo wana kiti kwa ICANN? Wanacho, lakini ni kidogo. Mwaka 2000 ICANN ilifanya jambo la ajabu: iliruhusu watumiaji wa dunia nzima kupiga kura kwa intaneti na kuchagua wajumbe 5 wa bodi, mmoja kwa kila kanda. Afrika ilimchagua Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa waliofungua njia ya intaneti Afrika ya magharibi. Kura za Afrika hazikufika hata elfu moja. Kisha, mwaka 2002, wakubwa wa ICANN walibadili mfumo na uchaguzi ule haukurudiwa tena.

Kilichokuja mahali pake ni kamati ya ushauri ya watumiaji, ALAC, yenye wanamemba 15. Kumi wanatoka kwenye kanda 5 za dunia, wawili wawili. Watano wengine wanateuliwa. Kanda ya Afrika inaitwa AFRALO, ilianza mwaka 2007. Tangu 2010 watumiaji wamepata pia nafasi moja ya kuchagua mjumbe wa bodi. Lakini kamati inatoa ushauri tu. Bodi ndiyo inayoamua.

Kiti kidogo bado ni kiti, na kuna mambo ya kukisemea. Mwaka 2012, ICANN ilipopokea maombi ya kuunda herufi mpya za mwisho, maombi 1,930 yaliingia. Yaliyotoka Afrika yalikuwa 17 tu. Bei ilikuwa dola 185,000 kwa ombi moja. Kwa awamu mpya iliyopangwa kufunguliwa Aprili 2026, bei ni dola 227,000. Ni kikundi gani cha Tshopo, hata chuo kikuu, kitaweka dola hizo mezani?

Kukatwa kwa intaneti ni jambo la meza nyingine kabisa, na meza hiyo iko Kinshasa. Sheria ya simu ya mwaka 2002, kifungu cha 46, iliipa serikali uwezo wa kusimamisha mawasiliano, na makampuni yanatii sababu bila leseni hayawezi kufanya kazi. Sheria mpya ya tarehe 25 Novemba 2020 ilichukua mahali pa ile ya zamani. Umoja wa Mataifa nao una makutano ya kila mwaka kuhusu usimamizi wa intaneti, yaliyopita Nairobi mwaka 2011 na Addis Ababa mwaka 2022. Pale raia anaweza kukaa pamoja na waziri na kumwambia usoni, lakini makutano hayo hayatoi amri.

Kinshasa wanasikia wakisukumwa. Septemba 2020 ilianza RAM, ada ya kusajili simu, na yunite za watu zikaanza kukatwa bila kuulizwa. Raia walipiga kelele kwa mitandao na barabarani, vijana wa mashirika ya raia wakaandamana, wabunge wakambana waziri. Mwanzoni mwa 2022 mtumiaji aliacha kukatwa. RAM iliuma mfukoni, ndiyo sababu kelele ilikuwa kubwa. Jambo la .cd halikuuma mtu, ijapokuwa hatari yake haikuwa ndogo.

Kuingia AFRALO hakulipiwi. Mtu mmoja anaweza kuomba peke yake, au kikundi kikaomba kwa jina la shirika, kwa kujaza fomu kwenye tovuti ya ICANN. Makutano mengi yanafanyika kwa intaneti, na Kifaransa kinatafsiriwa. Kiswahili bado. Mwenye kuomba ajipange na mega: kikao kimoja kinaweza kuchukua saa nzima.