Msaidizi wa kiongozi wa patroli

Msaidizi wa kiongozi wa patroli ni skauti kijana anayeshika nafasi ya pili katika patroli, yaani kikundi kidogo cha vijana wapatao sita hadi wanane ndani ya kundi la skauti. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliujaribu mfumo wa patroli mwaka 1907 katika kambi ya kisiwa cha Brownsea, Uingereza, alipowagawa wavulana wapatao 20 katika patroli nne: Mbwamwitu, Fahali, Kunguru na Sululu.

Kwa kawaida msaidizi huteuliwa na kiongozi wa patroli mwenyewe, na ndivyo inavyofaa, kwa kuwa hao wawili hufanya kazi bega kwa bega. Kiongozi asipokuwepo, msaidizi huongoza patroli na kuiwakilisha katika baraza la viongozi.

Uzito wa kazi yake huonekana hasa kambini. Kabla ya safari huhesabu vigingi na kamba za hema, hukagua sufuria na sanduku la huduma ya kwanza. Wakifika, husimamia zamu za kuteka maji, kutafuta kuni na kupika. Usiku huhakikisha moto umemwagiwa maji hadi majivu yamepoa. Skauti mgeni asiyejua kuunganisha kamba mbili kwa fundo lisiloteleza humwendea yeye kwanza, naye humwonyesha taratibu, tena na tena.

Kiongozi mtu mzima anayemnyang'anya kazi hizi kwa hofu kwamba atakosea huidhoofisha patroli nzima.