Pikipiki za Zamani na Maradhi ya Nuru Yake

Fundi aitwaye kuitazama pikipiki ya zamani iliyozimika taa hana budi kuuliza kwanza umri wake, kabla hajashika bisibisi wala kufungua kifuniko chochote, kwa sababu kila zama ilikuwa na namna yake ya kukipatia chombo hiki nuru, na kila namna ilizaa maradhi yake. Na asiyeijua nasaba ya mitambo hiyo huweza kupoteza mchana kutwa akitafuta katika betri kasoro iliyo katika fremu.

Katika miaka ya kwanza ya karne ya ishirini umeme wa pikipiki ulikuwa na kazi moja, nayo ni kuwasha petroli ndani ya silinda. Kazi hiyo mara nyingi ilifanywa na magineto, ambayo karakana ya Robert Bosch ya Ujerumani iliifunga kwa mara ya kwanza katika chombo cha barabarani mwaka 1897, kisha mwaka 1902 mhandisi wake, Gottlob Honold, akaitengeneza upya hata ikatoa cheche ya nguvu kubwa kwenye plagi bila ya kuhitaji betri. Taa zilikuwa shauri jingine kabisa. Msafiri wa usiku alichukua karabai: sehemu ya juu ilitiwa maji, na ya chini mawe ya kabidi, ambayo njia ya kuyatengeneza kwa wingi ilipatikana Marekani mwaka 1892 kwa bahati ya Thomas Willson aliyekuwa akitafuta kitu kingine. Maji yalipoyadondokea mawe, gesi ya asetilini ilipanda, ikapita katika mpira hadi taa ya mbele, ikawaka kwa ulimi mweupe ulioyashinda kwa mbali mafuta ya taa. Aliyetaka kujua sababu ya kufifia kwake hakuhitaji ala ya kupimia, bali pua na macho: harufu kali ilimwambia kuwa mpira umepasuka, ulimi uliopinda upande ulimwonyesha kuwa kitundu kimezibwa na masizi, na nuru iliyonywea polepole ilikuwa dalili kwamba majivu ya chokaa yamejaa na kuyazuia maji. Katika nchi za baridi maji yenyewe yaliganda, taa ikafa njiani ilhali mawe ni tele.

Mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Marekani ilithubutu kuliko wenzake wote, ikauza pikipiki iliyoitwa Hendee Special, yenye taa za umeme na mtambo wa umeme wa kuwashia injini, na betri mbili za volti 6 kila moja. Betri za zama hizo hazikuumudu mzigo ule, na haukupita muda mrefu pikipiki hiyo ikaondolewa sokoni. Hata hivyo naona ujasiri wa walioibuni unastahili heshima, kwani waliona mapema yale ambayo wengine waliyafikia baada ya miongo mingi. Mwaka huo huo vita viliwakatia Waingereza magineto za Kijerumani walizokuwa wakizitegemea, wakalazimika kuijenga sanaa hiyo kwao. Ndipo ilipozidi kuinuka kampuni ya Lucas ya Birmingham, ambayo mwanzilishi wake, Joseph Lucas, aliwahi kuuza mafuta ya taa mitaani kwa mkokoteni.

Kampuni hiyo ndiyo iliyoleta, katika miaka ya 1920, mtambo ulioitwa Magdyno, ambamo dinamo ya kuchaji betri ya volti 6 ilifungwa kwa mkanda wa chuma juu ya magineto, zote mbili zikizungushwa na injini. Ndani ya ndoa hiyo kila mmoja alibaki na kazi yake: magineto iliendelea kuwasha injini, na dinamo na betri zikashughulika na taa na honi. Kwa hiyo mtu aliweza kurejea kwake kwa injini nzima, gizani, betri ikiwa imekufa kabisa. Na fundi aliyesikia habari hiyo alijua papo hapo kwamba magineto haina taksiri, sharti atazame brashi za kaboni zilizolika, au shaba iliyochafuka mahali zinapogusa, au pengine sumaku ya dinamo iliyofifia kwa kukaa muda mrefu, ambayo hurudishwa kwa kuigusisha umeme wa betri kwa nukta moja tu.

Lakini aghalabu kasoro haikuwa katika mitambo. Watengenezaji, kwa kubana gharama, walipeleka umeme kwa waya mmoja na kuurudisha kwa njia ya fremu yenyewe, na kwa miaka mingi Waingereza waliufunga upande chanya wa betri kwenye fremu hiyo, kinyume cha ilivyo leo. Ikiwa pikipiki ina dayodi, anayefunga betri bila ya kulijua hilo huweza kuziunguza mara moja. Na hata betri ikifungwa sawa, njia ya kurudi hupita penye kutu, na penye beringi za shingo ya usukani zilizojaa grisi, hivyo taa hufifia au kucheza kila usukani unapogeuzwa. Katika volti 6 udhaifu huu ni mkubwa kuliko mtu anavyodhania. Balbu ya wati 30 hudai ampea 5. Ikiwa katika kiungo kimoja upo ukinzani wa sehemu mbili za kumi za omu, karibu volti nzima hupotea hapo, na kwa kuwa nuru hushuka upesi kuliko volti, zaidi ya theluthi ya mwanga hutoweka bila ya kitu chochote kuharibika. Balbu ya wati hizo hizo katika volti 12 hudai nusu ya ampea zile, na kiungo kile kile huipunguzia nusu volti tu. Waendeshaji wenye hasira walimpachika Lucas jina la Mfalme wa Giza. Nami nasema walimdhulumu, kwa kuwa sehemu kubwa ya giza lile ilitoka katika viungo vilivyoachwa bila kusafishwa na katika fremu iliyofanywa waya.

Mwaka 1953 kampuni ya Triumph ya Uingereza iliipa pikipiki yake ya Speed Twin alteneta, ambayo sumaku yake huzunguka pamoja na ekseli ya injini, bila brashi wala pete ya shaba. Hapo maradhi yalihama. Umeme wake hubadili mwelekeo, hivyo ulihitaji rektifaya ya bamba za seleni, zinazochoka kwa joto na umri. Na kwa kuwa hapakuwa na regulata, swichi ya taa ndiyo iliyoongeza au kupunguza koili za kuchaji, hata swichi iliyolegea ikaweza kuinyima betri chakula chake. Katikati ya miaka ya 1960 zilikuja volti 12 pamoja na dayodi ya Zener, ambayo huugeuza umeme uliozidi kuwa joto, na kwa hiyo sharti ifungwe barabara kwenye kipande cha alumini kinachopigwa na upepo.

Pikipiki ndogo zenye injini za Villiers, na nyingi zilizokuja baadaye kutoka Japani hadi katika barabara zetu, zilipeleka umeme wa koili moja kwa moja kwenye taa: injini ikipungua mwendo nuru hupungua, na balbu ya nyuma ikiungua, ya mbele hupokea umeme wote na huweza kuungua nayo. Mwenye kununua balbu ya mbele mara kwa mara na aichunguze ya nyuma.

Siku hizi wako watu wenye mapenzi makubwa wanaozihuisha pikipiki hizi, na kazi yao huanza kwa kupaka fremu rangi mpya inayong'aa. Rangi haipitishi umeme. Pikipiki iliyokuwa ikiwaka vibaya katika kutu yake haiwaki kabisa katika uzuri wake, hata fundi akwangue rangi chini ya bolti ya betri mpaka chuma kionekane, kisha apitishe waya wa pekee kutoka bakuli la taa hadi kwenye betri, ili umeme usilazimike tena kuvuka beringi za shingo.