Kitumbua kimoja, nchi tatu: Majina ya vyakula yanavyochanganya mpakani Isongole

Na Mwandishi Wetu, Ileje

MSAFIRI anayeshuka Isongole, wilayani Ileje mkoani Songwe, akiwa na njaa ya asubuhi, ataagiza kitumbua bila wasiwasi wowote. Ataletewa kile alichokizoea tangu utotoni: unga wa mchele uliolowekwa na kusagwa, ukaumuliwa, ukatiwa nazi na iliki kama zipo, kisha ukachomwa kwenye kikaango chenye vishimo.

Msafiri huyo huyo akivuka mpaka kuingia Chitipa, nchini Malawi, akatamka neno hilo hilo, muuzaji atamwelewa mara moja. Kwa Kichewa ni chitumbuwa, na vikiwa vingi ni zitumbuwa. Lakini atakachopewa ni ndizi mbivu zilizopondwa, zikachanganywa na unga wa mahindi na kudondoshwa kwenye mafuta ya moto.

Akirejea kwa barabara ya lami ya takriban kilomita 50 kutoka Isongole hadi Mpemba, akaendelea mpaka Tunduma na kuvuka kuingia Nakonde, Zambia, atakuta vitumbuwa kwa mara ya tatu. Huko ni madonge ya unga wa ngano, sukari na hamira, yaliyokaangwa hadi yakawa na rangi ya kahawia. Kwa Mtanzania, hilo ni andazi lililokosa pembe.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo katika pembe hii ya nchi, ambako Tanzania, Malawi na Zambia zinakaribiana kiasi cha mtu kuweza kula katika nchi tatu kwa siku moja. Mgeni huhofia majina asiyoyajua, ilhali hayo hayana madhara, kwa kuwa asiyejua huuliza. Yanayopotosha ni yale anayodhani anayajua.

Ndugu waliotenganishwa na mstari

Sababu ya kufanana kwa maneno si fumbo. Wandali, Walambya na Wanyiha wanaishi pande zote za mpaka wa Tanzania na Malawi, na Wanyamwanga wako Tanzania na Zambia. Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya Julai 1, 1890, ndiyo yaliyoligawa eneo hili baina ya wakoloni wawili, na Mto Songwe ukawa mpaka.

Lugha zote zinazosikika hapa ni za Kibantu, na maneno huvuka kwa urahisi kuliko magunia. Togwa ya Tanzania inaitwa thobwa Malawi, na mnywaji hahitaji mkalimani. Maandazi yetu wao huyaita mandasi. Hata fedha zimeingia katika mchezo huu: Zambia inatumia kwacha na Malawi inatumia kwacha, lakini ni sarafu mbili tofauti, zenye thamani zinazoachana mbali. Mfanyabiashara wa Tunduma anayetajiwa bei kwa kwacha hana budi kuuliza ya nani.

Chukua mfano wa wali. Kiswahili kina maneno matatu kwa nafaka hii: mpunga ukiwa shambani au haujakobolewa, mchele ukishakobolewa, na wali ukishapikwa. Kichewa kinatumia neno mpunga kwa hatua zote. Mmalawi anayeketi kwa mama lishe na kuomba mpunga kwa nyama hajakosea lugha yake, ila kwa masikio ya Kiswahili ameomba chakula cha kuku.

Zaidi ya hapo, mchele unaosifiwa kwa harufu nzuri katika wilaya ya Karonga, kaskazini mwa Malawi, unajulikana kwa jina la Kilombero, jina la bonde la mkoani Morogoro. Upande wa pili wa Mto Songwe, Watanzania wanasifia mchele wa Kyela. Jina la Kitanzania linauza mchele wa Malawi, na wapishi wa pande zote mbili wanashiba.

Neno mboga nalo lina vituko vyake. Tanzania, mboga ni chochote kinacholiwa na ugali au wali, hata nyama na samaki. Mwenyeji akisema leo mboga ni kuku, hakuna anayeshangaa. Nairobi, mboga ni majani, na kauli hiyo huzua kicheko. Malawi wametenga maneno: ndiwo ni kitoweo cha aina yoyote, masamba ni majani.

Mbatata ipi?

Neno linaloweza kumgharimu mtu fedha ni mbatata. Zanzibar na sehemu za pwani, mbatata ni kiazi mviringo, kile kinachotumbukizwa kwenye urojo na kukatwa chipsi. Malawi, mbatata ni kiazi kitamu. Kiazi mviringo wao hukiita mbatatesi au kachewere.

Nani amekosea? Historia inaelekea kumpa haki Mmalawi. Neno batata lilitoka kwa Wataino, wenyeji wa visiwa vya Karibiani, na kwao lilikuwa jina la kiazi kitamu. Wazungu walipokutana baadaye na kiazi cha milima ya Andes, wakavichanganya viwili hivyo. Wareno wakalibakiza neno batata kwa kiazi mviringo, na kitamu wakakiongezea sifa ya utamu. Wataalamu wa mimea hata leo wanakiita kiazi kitamu kwa Kilatini Ipomoea batatas.

Nyanda za Juu Kusini ni eneo kubwa la kilimo cha viazi mviringo, na kwa mkulima anayetafuta soko ng’ambo jambo hili si la kamusi tu. Mnunuzi wa Chitipa na muuzaji wa Ileje wanaweza kukubaliana bei ya mbatata, kila mmoja akiwa na gunia lake kichwani.

Forodha hawasikilizi neno hilo. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa unaviweka viazi mviringo chini ya namba 0701, na viazi vitamu chini ya namba 0714 pamoja na muhogo. Aidha, cheti cha afya ya mimea, ambacho kwa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), hutaja mmea kwa jina lake la Kilatini. Lugha iliyokufa ndiyo inayoamua ugomvi wa lugha zilizo hai.

Brekfasti ya kilo 25

Ugali ndio chakula chenye majina mengi kuliko vyote. Malawi ni nsima, Zambia nshima, na kwa Kibemba ubwali. Zimbabwe ni sadza, Afrika Kusini pap. Mashariki mwa Kongo ni bugali, na pwani ya Kenya ni sima, neno lililo karibu na la Malawi kuliko la Dodoma.

Uganda wanauita posho, neno la Kiswahili la chakula alichopimiwa mpagazi au kibarua. Mganda akisema watoto wake wamekula posho, Mtanzania, ambaye kwake posho ni fedha za vikao, anaweza kudhani watoto hao ni wabunge.

Mwaka 2017, UNESCO iliiorodhesha nsima kuwa utamaduni wa mapishi wa Malawi katika urithi wa dunia usioshikika. Mtanzania anaweza kuuliza ugali wake umeachwa wapi, lakini orodha hiyo husajili desturi za jamii na haimpi mtu hati miliki ya sufuria. Na desturi kweli zinatofautiana. Nsima huwa laini, na huchotwa kwa mwiko uliolowekwa maji na kupangwa madonge madonge. Ugali wetu hukaa sahanini kama kichuguu, na ukilegea mpishi hulaumiwa.

Kwenye unga ndiko mgeni anakoduwaa. Mzambia akisema amekwenda kununua brekfasti, huenda atarudi na mfuko wa kilo 25 begani. Brekfasti kwao ni unga wa mahindi uliokobolewa na kusagwa laini, tunaouita sembe. Usiokobolewa sana ni rola. Dona letu lina ndugu wa jina moja katika nchi zote mbili: mugaiwa kwa Zambia, mgaiwa kwa Malawi.

Dagaa si dagaa

Kwa majani ya kupika, majina yanaachana waziwazi na hayampotoshi mtu. Kisamvu ni chigwada Malawi, katapa Zambia na sombe mashariki mwa Kongo. Matembele ni kholowa Malawi na kalembula Zambia. Majani ya maboga ni nkhwani kwa Wamalawi, chibwabwa kwa Wazambia.

Kwa dagaa mambo ni kinyume. Wengi hudhani kuwa ni samaki mmoja mwenye majina mengi: dagaa Tanzania, omena Kenya, mukene Uganda, usipa Malawi, kapenta Zambia, ndagala Burundi. Ukweli ni kwamba neno letu moja linafunika samaki wasio wa ukoo mmoja.

Dagaa wa Ziwa Victoria, anayeitwa omena na mukene, ni Rastrineobola argentea. Usipa wa Ziwa Nyasa ni Engraulicypris sardella. Wa Ziwa Tanganyika ni aina mbili za ukoo wa sadini, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Huyu wa mwisho ameihama nyumba yake: alipandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako anaitwa sambaza, na katika bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968. Kapenta wa Kariba, kwa hiyo, asili yake ni Tanganyika.

Mlaji wa Isongole anayenunua fungu la dagaa anaweza kuwa amenunua Mwanza, Kigoma au Kyela, na tofauti ataiona kwenye sufuria. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hamuulizi muuzaji kama ana dagaa. Huuliza ni wa ziwa gani.

Zuio la mwaka 2025

Thamani ya majina haya ilidhihirika mwaka 2025. Machi mwaka huo Malawi iliweka zuio la kuingiza bidhaa kadhaa, zikiwamo unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi. Aprili 23, Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya kilimo kutoka Malawi na pia Afrika Kusini, ambayo ilikuwa ikizikataa ndizi za Tanzania. Zuio la Tanzania liliondolewa siku chache baadaye ili kupisha mazungumzo.

Amri za namna hii huandikwa kwa Kiingereza, kisha hufika kijijini kwa mdomo. Mfanyabiashara wa Ileje anayesikia kwa jirani wa ng’ambo kwamba mpunga umezuiwa anaweza kudhani mchele uliokobolewa haukuguswa. Kwa Kichewa, umeguswa tayari.

Ua linaloitwa polony

Lipo jina jingine ambalo mtu wa Songwe anapaswa kulifahamu, kwani bidhaa yake imepita Tunduma kwa miaka mingi. Wazambia wanaliita chikanda, Wamalawi chinaka. Ni chakula kinachotengenezwa kwa viazi vidogo vya porini vilivyokaushwa na kutwangwa, vikachanganywa na karanga zilizosagwa, pilipili, chumvi na magadi, kisha kupikwa hadi kugandamana na kukatwa vipande.

Kwa umbo hilo, Zambia wamekibandika jina la polony ya Kiafrika, kwa kukifananisha na soseji nene ya kukatwa vipande. Hakina nyama hata chembe. Viazi vyenyewe ni vya okidi, maua ya familia ileile inayopamba uwanda wa Kitulo, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu Nyanda za Juu Kusini ulikadiria kuwa viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikisafirishwa kwenda Zambia kila mwaka. Kitulo ikatangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na tishio la uchimbaji huo lilikuwa miongoni mwa sababu. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini (CITES), na kuzivusha mpaka kunahitaji kibali.

Kiazi kikichimbwa, mmea hufa na ua halichanui tena mahali hapo. Mlaji wa Lusaka anayenunua kipande cha chikanda sokoni, kikiwa kimeviringishwa kwenye karatasi, hana namna ya kulijua hilo kutokana na jina la polony.