Wawili Mlangoni

Neno la kusoma: Yakobo 1:27 na Mathayo 25:31-46

 

Leo nataka kuwasimulia habari za chama kimoja kilichoanza kama udugu wa wanaume. Si chama cha kanisa letu. Ni chama cha ndugu zetu Wakatoliki, nacho chaitwa Chama cha Mtakatifu Vincent de Paul. Huenda wengine mtashangaa kwamba kasisi wa Kianglikana amekuja redioni kueleza kazi ya Wakatoliki. Ngojeni kidogo. Nina deni la zamani, na sharti nianze kwa kulikiri.

Nilipokuwa bado mchanga katika uchungaji, nilitumwa kuhudumu katika mitaa hii ya Eastlands, si mbali na Jogoo Road. Jioni moja ya mwezi wa Julai, wakati wa baridi, niliona wanaume wawili wakitoka katika chumba cha mama mmoja mjane. Mmoja alikuwa fundi wa magari, nguo zake zingali na mafuta. Wa pili alikuwa amevaa koti la ofisini. Wakanisalimu kwa heshima, wakaenda zao. Nami nikabisha hodi. Ndani niliona pakiti mbili za unga, chupa ya mafuta ya taa na blanketi jipya.

"Mama, wale ni jamaa zako?" nikamwuliza.

"La, Pasta. Wale ni Wakatoliki. Huja kila Alhamisi."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Wapendwa, mama huyo hakuwa Mkatoliki. Alikuwa wetu. Jina lake lilikuwa katika daftari la kanisa letu, na alikuwa amehudumu katika Mothers' Union kwa miaka mingi. Aliacha kuja ibadani kwa sababu hakuwa na sadaka ya kutia kikapuni, akaona haya. Nasi, katika baraza la kanisa ambalo mimi mwenyewe nilikuwa mwenyekiti, tulikuwa tumekwisha kusema kwamba amerudi nyuma katika imani. Hakuna aliyekwenda kumwuliza.

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nikaanza kuuliza: watu hawa ni nani, na desturi yao ya kwenda wawili wawili ilitoka wapi?

Basi, historia yao yaanzia katika mji wa Paris, huko Ufaransa. Mwaka wa 1832 ugonjwa wa kipindupindu uliingia katika mji huo ukaua watu zaidi ya 18,000. Waliokufa zaidi walikuwa maskini, waliosongamana katika vyumba vidogo visivyo na maji safi. Wakati huo kulikuwa na wanafunzi Wakatoliki wa chuo kikuu waliokuwa wakikutana kujadiliana juu ya historia. Mmoja wao aliitwa Frédéric Ozanam. Alikuwa hodari wa kunena, naye alipenda kuonyesha jinsi Kanisa lilivyofanya mema katika karne zilizopita. Siku moja mpinzani mmoja akamwuliza swali lililomchoma moyo: hayo ya kale tumeyasikia, lakini ninyi wa leo mwafanya nini?

Ozanam hakuwa na jibu. Lakini hakukasirika. Tarehe 23 Aprili 1833, siku aliyotimiza miaka 20, yeye na wenzake wachache walikutana na mzee wao aliyeitwa Emmanuel Bailly, wakaazimu kuwaendea maskini. Hawakujua pa kuanzia. Wakamwendea mtawa mmoja, Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa amewatumikia maskini wa mtaa wa Mouffetard kwa miaka mingi. Yeye akawapa majina ya jamaa, akawafundisha jinsi ya kuingia katika nyumba ya maskini bila kumwaibisha. Yasimuliwa kwamba Ozanam na mwenzake walitwaa kuni zao wenyewe zilizobaki za majira ya baridi, wakazipeleka kwa mtu mwenye shida.

Chama chao wakakipa jina la Vincent de Paul, padri wa Kifaransa aliyekufa mwaka wa 1660 baada ya kuwatumikia maskini maisha yake yote. Ozanam mwenyewe alikufa mwaka wa 1853, akiwa na miaka 40 tu. Lakini chama kilienea, na leo kimo katika nchi zaidi ya 140, Kenya ikiwa mojawapo. Tangu miaka ya 1960 wanawake nao wamepokewa kuwa wanachama kamili.

Sasa tazameni utaratibu wao, maana hapo ndipo penye fundisho. Kila kikundi cha parokia hukutana kwa sala. Hueleza habari za jamaa waliowatembelea. Kisha mfuko hupitishwa, na kila mmoja hutia mkono wake ndani kwa siri, hata asijulikane aliyetoa noti na aliyetoa sarafu. Wakienda kutembelea, huenda wawili wawili, kama Bwana wetu alivyowatuma wanafunzi wake. Hawatangazi majina ya wanaosaidiwa. Wala hawaulizi kwanza, "Wewe u wa dini gani?"

Ndugu zangu, kazi ya namna hii ilikuwa na nafasi ya pekee katika mitaa yetu ya Eastlands. Kumbukeni mitaa hii ilijengwaje. Kariokor yachukua jina lake kutoka kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Pumwani ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye zikaja Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, Bahati na nyinginezo. Serikali ya kikoloni ilimtaka mwanamume aje mjini kufanya kazi, lakini haikutaka aje na jamaa yake. Vyumba vingi vilipimwa kwa kitanda tu. Mke alibaki mashambani, na wazee walibaki mashambani. Mtu akiugua, hakuwa na shangazi wa kumpikia uji. Akifa, hakuwa na ukoo wa kumlilia.

Tena tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa hali ya hatari, majeshi ya Waingereza yaliuzingira mji wa Nairobi. Watu maelfu kwa maelfu walikamatwa katika mitaa hiyo hiyo, wakapelekwa vizuizini. Wanawake na watoto wengi wakaachwa bila mtu wa kuwatafutia. Kanisa letu nalo halikulala katika miaka ile: kituo cha Mtakatifu Yohana huko Pumwani kilianzishwa mwaka wa 1957 kuwahudumia watu wa mtaa. Kwa hiyo sisi pia tuna historia njema. Lakini swali alilowekewa Ozanam latukabili na sisi: hayo ya kale tumeyasikia, wa leo mwafanya nini?

Mwenye kuwaangalia ndugu hao kwa mwaka mzima ataona kwamba kazi yao hufuata majira. Mwezi wa Januari watoto hawana sare wala karo. Kwaresima ifikapo, maaskofu Wakatoliki wa Kenya huongoza kampeni ya kila mwaka ya mafundisho na sadaka, na akiba ya mfungo hugeuka unga na maharagwe kwa jirani. Aprili na Mei ni mvua za masika. Mabati huvuja, na maji huingia vyumbani. Hatujasahau mwaka wa 2024, mto Mathare ulipofurika na kuchukua nyumba za watu. Julai ni baridi, na mzee hutaka blanketi. Tarehe 27 Septemba ni sikukuu ya Vincent de Paul. Kisha huja Majilio na Krismasi, ambapo kila kanisa, hata letu, hukumbuka ghafula kwamba kuna maskini.

Hapa nataka tusimame kidogo. Kutoa kwa majira ni kuzuri. Lakini njaa haisomi kalenda ya kanisa. Tukipeleka mchele tarehe 24 Desemba, na kupiga picha, na kurudi tena baada ya mwaka mzima, yule mama atakula nini mwezi wa pili? Wale wawili niliokutana nao walileta blanketi kwa sababu ya majira. Lakini walijua kwamba hana blanketi kwa sababu ya Alhamisi. Kama wasingalikuwa wakienda kila juma, majira yangalipita nao wasijue.

Mwaka wa 2020 jambo hili lilionekana wazi. Mwezi wa Machi milango ya makanisa ilifungwa kwa sababu ya korona. Mwezi wa Mei watu wa Eastleigh wakazuiwa kuingia na kutoka. Mchungaji aliyezoea kuwaona watu wake kanisani tu alijikuta hajui waliko. Lakini aliyekuwa amezoea kubisha hodi alijua ni mlango gani wenye mgonjwa, na ni mlango gani wenye watoto wasio na chakula.

Najua kuna msikilizaji anayesema moyoni, "Je, Pasta sasa amegeuka Mkatoliki?" La, hasha. Tofauti zetu zipo, wala sizifichi. Sisi hatuwaombi watakatifu watuombee. Tena twaamini kwamba mtu haokolewi kwa matendo yake, bali kwa neema kwa njia ya imani. Lakini mtume Yakobo asema nini? Atufundisha kwamba dini iliyo safi mbele za Mungu ni kuwaendea yatima na wajane katika dhiki yao. Hakusema tuwangoje waje ofisini na barua. Na Bwana wetu, akihukumu mataifa, atauliza habari za mwenye njaa, na mgonjwa, na mfungwa. Katika maneno yale sioni mahali anapouliza majina ya makanisa.

Huko Makadara kuna parokia ya Kikatoliki inayoitwa kwa ukumbusho wa Mariamu alipokwenda kumzuru Elisabeti. Habari ile ni yetu pia, imo katika Injili ya Luka. Mariamu alikuwa amepokea neno kuu kuliko yote, na jambo la kwanza alilofanya ni kuondoka kwa haraka kupanda milimani, akaingia katika nyumba ya jamaa yake mzee. Neno la Mungu likimwingia mtu, humpa miguu.

Basi niwaambie jinsi deni langu lilivyoanza kulipwa. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wanaume wa kanisa letu, nikawasimulia yote, pamoja na aibu yangu. Sikuomba harambee. Niliomba Alhamisi. Wakajitokeza wanne. Tukawaendea wale ndugu Wakatoliki, tukawauliza njia, nao hawakutucheka. Walitupa majina ya nyumba 3 ambazo hawakuweza kuzifikia. Mbili zilikuwa za watu wetu.

Na yule mama? Alirudi ibadani kabla ya Krismasi. Aliketi katika benchi la nyuma, na kikapu kilipopita hakuwa na kitu cha kutia. Mzee wa kanisa aliyekuwa ameketi karibu naye akakishika kikapu, akampa mkono kwanza, kisha akakipitisha. Mwaka ule sikuona sadaka iliyonipendeza kuliko ile.

Juma hili, msikilizaji, mfikirie mtu mmoja ambaye hujamwona kanisani kwa muda. Usiseme amerudi nyuma. Mtafute mwenzako, mwende wawili, mkabishe hodi.

Na tuombe. Ee Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, utusamehe milango tuliyoipita. Utupe miguu ya kwenda, na masikio ya kusikia kabla hatujanena. Uwabariki ndugu zetu wa kanisa lingine waliotutangulia katika njia hii. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.