Watoto na Komba Mdogo wa Misitu Yetu

Wasomaji wetu wa pwani wote wamjua komba, yule mnyama wa usiku apandaye minazi akanywa tembo la mgema, hata mtu mlevi hufananishwa naye. Lakini katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, wilayani Kisarawe, na katika msitu wa Ruvu Kusini ulioko Kisarawe na Kibaha, yumo komba mwingine asiyejulikana na wengi. Huyu ni mdogo kuliko komba wote: uzito wake ni gramu 60 hivi, kama yai la kuku, na manyoya ya mkia wake yamesimama mfano wa brashi ya kusafishia chupa. Wataalamu walimpambanua na wenziwe katika miaka ya 1990, na sauti yake ya usiku iliwasaidia sana; wakampa jina la Rondo, yaani uwanda wa juu ulioko Lindi. Haonekani po pote duniani ila katika misitu michache ya pwani ya Tanzania. Tangu 2006 ametiwa mara kadha katika orodha ya jamii 25 za ukoo wa nyani zilizo karibu kutoweka kuliko zote.

Adui wake si bunduki. Ni shoka na tanuri la mkaa. Jiji la Dar es Salaam li karibu, nalo lapika kwa mkaa. Na tangu reli ilipoanza kujengwa mwaka 1905 kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, ikipita Pugu na Ruvu, njia ya kupeleka kuni na magogo mjini imekuwa nyepesi.

Basi, ni nani wa kumtetea mnyama asiyeonekana? Hapa ndipo tupendapo kueleza habari ya vyama vya watoto, maana si jambo jipya katika Afrika ya Mashariki. Wanafunzi wa Kenya walitangulia, wakaanzisha vyama vyao vya wanyama mwaka 1968. Tanzania ilifuata mwaka 1980 kwa vyama vya Malihai, na jina hilo twalisifu, kwa kuwa lafahamika bila mfasiri. Kisha, mwaka 1991, vijana 12 wa shule walikutana Dar es Salaam barazani kwa Bibi Jane Goodall, aliyekuwa amewachunguza sokwe wa Gombe tangu 1960. Katika mkutano ule kikazaliwa chama cha Roots & Shoots, maana yake mizizi na machipukizi, ambacho kimeenea katika nchi nyingi. Desturi yake ni kwamba watoto wenyewe wachague kazi, nayo iwafae wanadamu, na wanyama, na nchi wakaamo. Bibi huyo alifariki mwaka 2025, na chama chake kingaliko.

Tena tusisahau kwamba Julius Nyerere, ambaye mwezi wa Septemba 1961 alitangaza huko Arusha kuwa wanyama wa porini ni amana ya nchi, alikuwa mwalimu katika vilima hivi hivi vya Pugu, hata alipoacha ualimu mwaka 1955.

Sisi walimu wa shule moja iliyo kando ya msitu tulijaribu kuifuata njia hiyo, na twakiri kuwa mwanzo wetu ulikuwa mbaya. Tuliwafundisha watoto kuchora tembo na simba, wanyama ambao hawajapata kuwaona, na habari za komba wetu hatukuzisema hata kidogo. Tukawapandisha miche mwezi wa Juni, mvua za masika zimekwisha. Ikakauka yote, watoto wakacheka, nasi tukaona haya.

Mwaka wa pili mtoto mmoja akatuuliza darasani kama ni kweli kwamba mkata mkaa ni mwovu. Kwa kuwa baba yake huchoma mkaa, na daftari lile aliloandikia lilinunuliwa kwa fedha hiyo. Hatukuwa na jibu siku ile. Kumfundisha mtoto kumhukumu baba yake si kazi ya mwalimu, wala komba hapati faida yo yote kwa ugomvi wa nyumbani.

Tuliwaalika wazazi. Wengine walikasirika, wakauliza kama komba analipa kodi ya nyumba. Wengine walikaa hata jua likatua. Mzee mmoja mchoma mkaa ndiye aliyetushauri kupanda mijohoro kando ya mashamba, kwa kuwa ukiukata huchipua tena, na kuni zake zawaka vizuri. Watoto wakaotesha mbegu shuleni, kila mmoja na miche yake, wakaipeleka kwao mwezi wa Machi mvua zilipoanza.

Jioni za Ijumaa, wakubwa wao wakiwapo, huketi kimya ukingoni mwa msitu wakisikiliza. Komba wa jamii mbalimbali hutofautiana kwa milio, na masikio ya watoto ni mepesi kuliko yetu. Hujadiliana kwa kunong'ona, huyu ni yule wa minazini, yule si yeye. Yule mtoto wa daftari ndiye mwandishi wao. Baba yake bado anachoma mkaa, ila mijohoro yake kumi na minne imeshika.