Kuacha kuvuta sigara

Kuacha kuvuta sigara ni mchakato ambao mtu aliyezoea kuvuta tumbaku huachana nayo moja kwa moja. Moshi wa tumbaku una nikotini, kemikali inayosababisha uraibu. Kwa sababu hiyo wavutaji wengi hawafaulu katika jaribio la kwanza: hupitia kipindi cha hamu kali pamoja na dalili nyingine za mwili na akili, na mara nyingi hurudia kuvuta kabla ya kuacha kabisa.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, wakiwemo zaidi ya milioni 1 wasiovuta wenyewe ila huathiriwa na moshi wa wengine. Husababisha saratani ya mapafu na ya viungo vingine, magonjwa ya moyo, kiharusi na magonjwa sugu ya mapafu, na huongeza hatari ya kupata kifua kikuu na kufa kwa ugonjwa huo. Sehemu kubwa ya madhara hayo huweza kuepukwa mvutaji akiacha, hasa akiacha mapema.

Nikotini na uraibu

Nikotini hupatikana katika majani ya mmea wa tumbaku. Mtu anapovuta moshi, nikotini huingia katika damu kupitia mapafu na kufika kwenye ubongo kwa muda wa sekunde 10 hadi 20. Huko hushikamana na vipokezi ambavyo kwa kawaida hupokea kemikali ya mwili iitwayo asetilikolini, na kusababisha kutolewa kwa dopamini, ambayo huhusika na hisia za raha. Kasi hiyo ni sababu mojawapo inayoifanya sigara kuleta uraibu kwa urahisi: ubongo hupata malipo karibu mara tu baada ya pumzi kuvutwa.

Raha hiyo haikai. Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondoka kwa muda wa saa 2 hivi. Kwa mtu aliyevuta kwa muda mrefu, idadi ya vipokezi hivyo katika ubongo huongezeka, na vikikosa nikotini mtu huanza kusumbuka. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utulivu unaoletwa na sigara ya kwanza ya asubuhi ni nafuu ya usumbufu uliotokana na kukaa usiku kucha bila nikotini. Muda ambao mtu hukaa baada ya kuamka kabla ya kuwasha sigara hutumiwa na wataalamu kupima ukubwa wa uraibu: anayevuta ndani ya dakika 30 huhesabiwa kuwa na uraibu mkubwa zaidi.

Pamoja na kemia kuna mazoea. Ubongo huunganisha sigara na mambo yanayoambatana nayo, kama vile kahawa, bia, kumaliza kula, mapumziko ya kazini, hasira, upweke au maongezi ya barazani. Ndiyo maana mtu ambaye mwili wake hauna tena nikotini huweza kushikwa na hamu ghafla, hata baada ya miezi kadhaa, kwa kunusa moshi tu au kukutana na rafiki aliyekuwa akivuta naye.

Dalili za kukosa nikotini

Dalili huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hufikia kilele katika siku chache za kwanza, na kwa watu wengi hupungua sana ndani ya wiki 2 hadi 4. Mitaani hali hiyo huitwa pia arosto, neno linalotumika zaidi kuhusu dawa za kulevya. Dalili zinazojulikana ni:

- hamu kali ya kuvuta
- hasira za haraka na kukosa subira
- wasiwasi, kutotulia au huzuni
- kushindwa kukaza akili katika kazi au masomo
- usingizi wa mang'amung'amu
- njaa ya mara kwa mara

Baadhi ya watu hupata pia kikohozi, vidonda mdomoni au kufunga choo. Wengi huongezeka uzito, kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza, kwa sababu nikotini hupunguza hamu ya kula na huharakisha matumizi ya nishati mwilini. Ongezeko hilo lina madhara madogo kuliko kuendelea kuvuta.

Jambo lisilojulikana kwa wengi linahusu kahawa. Kemikali zilizomo katika moshi hulifanya ini kuvunja kafeini haraka. Mtu akiacha sigara huku akiendelea kunywa kahawa ileile, kafeini hukaa muda mrefu zaidi mwilini, na mapigo ya moyo, wasiwasi na kukosa usingizi vinavyotokana nayo huweza kudhaniwa kuwa ni dalili za kukosa nikotini. Kupunguza kahawa katika siku hizo husaidia. Kwa sababu hiyohiyo viwango vya dawa fulani, kama vile theofilini na klozapini, hupanda katika damu baada ya kuacha sigara, hivyo anayezitumia anapaswa kumjulisha daktari wake mapema.

Kukosa nikotini kwenyewe hakuhatarishi maisha. Hata hivyo mtu aliyewahi kuugua sonona au ugonjwa mwingine wa akili anashauriwa kuwa na uangalizi wa karibu.

Faida za kuacha

Mabadiliko mwilini huanza siku ileile:

- dakika 20: mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kushuka
- saa 12: kaboni monoksidi katika damu hurudi katika kiwango cha kawaida
- wiki 2 hadi 12: mzunguko wa damu na utendaji wa mapafu huboreka
- miezi 1 hadi 9: kikohozi na kuhema hupungua
- mwaka 1: hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya mvutaji
- miaka 10: hatari ya saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu ya ile ya mvutaji
- miaka 15: hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo hulingana na ya mtu asiyevuta

Utafiti uliofuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 wa Uingereza tangu mwaka 1951 hadi 2001, ulioongozwa na Richard Doll, ulionyesha kwamba wavutaji waliishi kwa wastani miaka 10 pungufu kuliko wasiovuta. Walioacha wakiwa na umri wa miaka 60 waliokoa takriban miaka 3 ya maisha, wenye miaka 50 waliokoa 6, wenye miaka 40 waliokoa 9, na walioacha wakiwa na 30 waliokoa karibu yote 10. Hivyo hakuna umri ambao kuacha hakuna faida.

Kwa mama mjamzito, kuacha hupunguza hatari ya kujifungua kabla ya wakati na ya kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo.

Njia za kuacha

Maandalizi na ushauri

Katika tafiti, watu wanaojaribu kuacha bila msaada wowote hufaulu kubaki bila sigara kwa miezi 6 hadi 12 kwa asilimia 3 hadi 5 tu ya majaribio. Ushauri wa mhudumu wa afya, hata wa dakika chache, huongeza nafasi hiyo. Ushauri unaorudiwa, wa ana kwa ana, wa kikundi au kwa simu, huiongeza zaidi. Matokeo huwa bora zaidi ushauri unapoambatana na dawa.

Kwa kawaida mvutaji hushauriwa kuchagua siku maalumu ya kuacha, kuwaarifu watu wa nyumbani na wenzake wa kazini, na kuondoa sigara, viberiti na visahani vya majivu. Kuacha kwa mkupuo mmoja siku iliyopangwa kumeonekana kufaulu zaidi kuliko kupunguza kidogokidogo: katika utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2016, asilimia 49 ya walioacha kwa mkupuo walikuwa bado hawavuti baada ya wiki 4, ikilinganishwa na asilimia 39 ya waliopunguza kwanza. Hata hivyo kupunguza kwanza ni njia inayowafaa baadhi ya watu.

Kukabili hamu

Hamu moja huja kama wimbi: hupanda, hufika kilele na kushuka, kwa kawaida ndani ya dakika chache, mtu avute au asivute. Kwa hiyo lengo si kuishinda hamu isirudi tena, bali kuvuka dakika hizo. Mbinu zinazofundishwa mara nyingi ni nne: kuahirisha, kuvuta pumzi ndefu polepole, kunywa maji kidogokidogo, na kushughulisha mikono au akili kwa jambo jingine. Kutembea kwa haraka hata kwa dakika chache hupunguza hamu kwa muda.

Husaidia pia kujua mapema hali zinazoamsha hamu na kuzipangia. Aliyezoea kuvuta baada ya kula huweza kuondoka mezani mara moja na kupiga mswaki. Aliyezoea kuvuta akinywa pombe hushauriwa kukaa mbali nayo katika wiki za mwanzo, kwa kuwa pombe hulegeza uamuzi. Mahali ambapo sigara huuzwa moja moja madukani, kutotembea na fedha ndogo ya sigara hakutoshi. Ni afadhali kubadili njia au kuomba rafiki amsindikize.

Dawa

Dawa mbadala za nikotini hutoa nikotini bila lami, kaboni monoksidi na sumu nyingine za moshi. Zinapatikana kama vibandiko vya ngozi, chingamu, vidonge vya kumung'unya na dawa za kupuliza mdomoni au puani. Huongeza nafasi ya kufaulu kwa takriban nusu. Kutumia kibandiko, ambacho hutoa nikotini polepole mchana kutwa, pamoja na chingamu au kidonge wakati hamu inapopanda, hufaulu zaidi kuliko kutumia kimoja peke yake.

Chingamu ya nikotini haitafunwi kama chingamu ya kawaida. Hutafunwa polepole hadi ladha kali itokee, kisha huwekwa kati ya shavu na ufizi ili nikotini ipenye. Ladha ikiisha hutafunwa tena. Kahawa, soda na juisi huzuia upenyaji huo, hivyo visinywewe ndani ya dakika 15 kabla yake. Watu wengi husema chingamu haikuwasaidia kwa sababu waliitafuna haraka na kumeza mate yenye nikotini, ambayo husababisha kichefuchefu na kwikwi.

Vareniklini hushikamana na vipokezi vya nikotini na kuviamsha kwa sehemu tu: hupunguza hamu, na wakati huohuo huifanya sigara isilete raha ya zamani. Kwa kawaida huanzwa wiki moja kabla ya siku ya kuacha na kuendelea kwa wiki 12. Kichefuchefu na ndoto za ajabu ni madhara yake ya kawaida. Sitisini, inayotoka katika mbegu za mmea, hufanya kazi kwa namna inayofanana na imetumika Ulaya ya Mashariki tangu miaka ya 1960. Bupropioni ni dawa ya sonona inayosaidia pia kuacha sigara, lakini haifai kwa wenye kifafa. Dawa hizi zote hutumika kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Sigara za kielektroniki

Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia baadhi ya watu kuacha sigara za kawaida, na mamlaka za afya za Uingereza huwaruhusu wavutaji kuzitumia kwa lengo hilo. Shirika la Afya Duniani halizipendekezi, likitaja madhara yasiyojulikana ya muda mrefu na kuenea kwake kwa vijana ambao hawakuwahi kuvuta. Kuhamia shisha si kuacha: maji ya shisha hupoza moshi lakini hayaondoi sumu zake. Ugoro na tumbaku ya kutafuna navyo huleta uraibu wa nikotini na husababisha saratani ya mdomo.

Kurudia kuvuta

Marudio mengi hutokea katika wiki ya kwanza. Wataalamu hutofautisha kuteleza, yaani kuvuta sigara moja au mbili, na kurudia mazoea yote. Kinachogeuza kuteleza kuwa kurudia mara nyingi ni mtu kuamini kwamba ameshashindwa. Anayeteleza hushauriwa kutupa sigara zilizobaki, kukumbuka alikuwa wapi na nani, na kuendelea siku ileile. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla ya hapo.

Historia

Mwaka 1950 tafiti zilizochapishwa Uingereza na Marekani zilihusisha sigara na saratani ya mapafu. Mwaka 1964 ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani, Luther Terry, ilithibitisha uhusiano huo, lakini ilieleza uvutaji kuwa mazoea. Ni ripoti ya mwaka 1988, chini ya C. Everett Koop, iliyotamka wazi kwamba nikotini husababisha uraibu. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa: mvutaji hakuonekana tena kama mtu asiye na nia, bali kama mtu anayehitaji tiba.

Chingamu ya nikotini ilibuniwa Uswidi na Ove Fernö baada ya mwaka 1967 kupata wazo kutoka kwa Claes Lundgren, aliyeona kwamba mabaharia wa nyambizi, wasioruhusiwa kuvuta, walihamia tumbaku ya kutafuna. Vibandiko vilifuata, kisha bupropioni mwaka 1997 na vareniklini mwaka 2006 nchini Marekani. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima.

Afrika Mashariki

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku ulianza kutumika mwaka 2005. Kenya iliuridhia mwaka 2004, Tanzania na Uganda mwaka 2007. Kifungu chake cha 14 huzitaka nchi wanachama kuwasaidia watu kuacha. Tanzania ilitunga sheria ya bidhaa za tumbaku mwaka 2003, Kenya mwaka 2007 na Uganda mwaka 2015. Pamoja na hayo, dawa za kuacha sigara bado ni ghali kwa wananchi wengi, hivyo ushauri na msaada wa familia hubaki nguzo kuu.

Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani hutoa nafasi ya pekee, kwa kuwa anayefunga havuti tangu alfajiri hadi magharibi. Mvutaji hugundua kwamba anaweza kukaa zaidi ya nusu ya siku bila sigara. Kazi inayobaki ni kuvuka saa za usiku, baada ya futari, ambapo wengi huwasha tena.

Tazama pia

Tumbaku, Nikotini, Uraibu, Saratani ya mapafu, Shisha